Radi Sehemu ya Pili: Nilivyozikwa Kabla ya Kupigana

Alhamisi, 8 Juni 1995

Baridi. Suruali tatu tu tangu asubuhi. Wateja wanashika jinzi, wananusa, wanarudisha. Belo hili la mitumba limekuja na harufu ya dawa ya mende. Nimewaambia ndiyo harufu ya Ulaya. Mmoja kacheka, hakununua.

Saa saba kapita Kaka Shabani. Ni mpiga video wa harusi, hakuna bibi harusi wa mjini hapa ambaye hajalia mbele ya kamera yake. Ndiye dairekta wetu. Kasema keshokutwa tunaanza Sehemu ya Pili ya picha yetu. Nimefunga kibanda mapema, sijui hata kwa nini. Miguu tu ilikuwa haikai.

Niandike vizuri, daftari hili litakuja kutafutwa. Radi ni mimi. Yule anayetoa umeme kwenye kidole. Yule aliyejaza banda la video la Engutoto wiki tatu mfululizo, watoto wakachungulia kwenye matundu ya mabati. Mimi, Godlisten, niliyeacha kidato cha pili, au chenyewe kiliniacha.

Shida ni moja. Sehemu ya Kwanza yote nilivaa mzula, ile kofia ya kufunika uso mzima. Hata sikio halikuonekana. Kilichoonekana ni nywele tu, maana mzula tuliukata juu ili panki langu lisimame nje. Panki ndiyo alama ya Radi. Sasa Rama, mpwa wake Shabani, kanyoa panki vilevile, tuna urefu mmoja, anakaa kijiweni anasema Radi ni yeye. Wanamwamini. Mimi nikisema wananiambia, "Godi, kauze chupi za wazungu."

Lakini Shabani kaahidi. Sehemu ya Pili, Radi anavua mzula. Mji mzima utaniona. Rama atahamia Singida.

Ijumaa, 9 Juni

Sielewi kitu.

Mwaka jana Shabani alikuwa na deki moja ya video. Tulipiga picha kama maisha yanavyokwenda. Asubuhi steringi anaamka, mchana anapigana, jioni anashinda. Ukikosea, kanda inarudishwa nyuma, inafutwa, unarudia. Basi.

Sasa kapata deki ya pili, imeingia kwa njia ya Namanga. Siku hizi kila kitu kinaingia. Anasema kwa deki mbili unaweza kupiga mwisho kwanza, mwanzo baadaye, halafu unaunga. Nimetikisa kichwa kama profesa. Nimerudi nyumbani nimelala chali nikifikiria. Nikishapiga mwisho, mwanzo nitakuwa na hasira ya nini?

Na kesho tunaanza na mazishi. Nimeuliza mazishi ya nani. Kasema ya Radi.

Hata mtoto wa chekechea anajua steringi hafi. Anapigwa risasi ya bega, anajifunga kitambaa kwa meno, anaendelea. Nimemwambia Shabani hivyo. Kanijibu, "Godi, jeneza limepatikana kesho tu." Fundi seremala wa Akheri ametuazima. Jumapili mwenyewe analifuata. Huyo mwenyewe hana haraka lakini ndugu zake wanayo.

Jambo jingine. Kwa fundi cherehani nimeona nguo mbili za Radi. Mbili. Kila moja na joho lake la pazia jekundu. Mimi ni mmoja.

Jumamosi, 10 Juni

Nimezikwa. Naandika nikiwa na udongo masikioni.

Tulipanda kijijini Akheri, kwa Bibi, mama yake mama. Yeye ndiye aliyenilea. Nilimwamkia, "Shikamoo Bibi," akaitikia huku anaangalia joho. Alishakubali tutumie shamba lake. Alijua ni maigizo, nilimweleza vizuri wiki iliyopita. Shimo lilikuwa tayari. La kupandia mgomba, limepanuliwa kidogo kwa ajili ya miguu yangu mirefu.

Jeneza linabana. Wasiowahi kulala humo wasizungumze. Nilikuwa na mzula, panki nje, mikono kifuani. Shabani alileta akina mama wanne wa mjini wa kulia. Wakalia kweli. Wanalia harusini, watashindwaje msibani?

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Migomba haizuii sauti. Watu wa ng'ambo ya mfereji wakasikia kilio kwa Bibi. Huku kilio hakiulizwi. Unachukua ulichonacho, unakwenda. Wakaanza kuja. Mmoja na ndizi, mmoja na maharage, mmoja na kibuyu cha maziwa, mwingine na kilo ya sukari kwenye karatasi ya kaki. Wanamkumbatia Bibi. Bibi anasema ni mchezo, wao wanadhani ndio kuchanganyikiwa kwa mfiwa, wanamkumbatia zaidi. Mwinjilisti naye kafika, kapumua, kafungua kitabu, kaomba. Mimi nasikia jina langu lote la ubatizo ndani ya giza la mbao. Nilitaka kucheka. Halafu sikutaka tena.

Shabani hakuzima kamera. Alikuwa anatetemeka kwa furaha.

Maziwa yalishanywewa, ndizi zilishapikwa na kuliwa, ndipo nikapiga chafya. Mama mmoja aliacha kandambili na hakurudi kuifuata. Mwinjilisti alibaki amesimama. Nikasukuma kifuniko na udongo wake, nikakaa kwenye jeneza nikawaambia, "Poleni kwa msiba." Nilidhani ni utani mzuri.

Hakuna aliyecheka. Bibi aliingia ndani akafunga mlango.

Jumapili, 11 Juni

Nimebaki Akheri. Bibi haongei na mimi. Amerudi kutoka kanisani, haongei. Kanipa chakula, haongei. Mabakuli ya watu yamepangwa ukutani yanasubiri kurudishwa. Saba. Huwezi kurudisha bakuli la msiba ukasema samahani, marehemu anaendelea vizuri.

Shabani na wenzake walishuka mjini jana jioni, jeneza wakaliacha kwa fundi. Rama alikaa nyuma ya pikapu, kavaa nguo ya pili ya Radi, joho linapepea. Alinipungia mkono. Nimelala nikiuona mkono ule.

Nadhani sasa nimeelewa. Nimezikwa kwanza ili nisiwe na kazi tena. Picha iliyobaki ni ya Rama. Ndiyo maana nguo mbili. Deki mbili, nguo mbili, Radi wawili. Na mimi ndiye aliyekufa.

Jumatatu, 12 Juni

Bibi kaongea. Kasema, "Watu wamekula chakula cha msiba nyumbani kwangu. Wameomba. Msiba huu utafungwa kama misiba yote." Akatoa wembe na beseni.

Kwake msiba unafungwa siku ya tatu, wa nyumbani wananyolewa. Hapa wa nyumbani ni yeye na mimi. Nikamwambia Bibi mimi ndiye maiti. Kasema maiti anayebishana ni wa nyumbani.

Mwaka mzima nimelisimamisha panki hili kwa kitana cha chuma na mafuta ya nazi. Ningeweza kukimbia. Lakini niliangalia yale mabakuli. Halafu nikasema moyoni, Godi, wewe umeshakufa, picha imeshaisha kwako. Maiti anataka panki la nini?

Nikakaa. Maji yalikuwa ya baridi kweli. Kaanza nyuma, kamaliza mbele. Naye akavua kilemba, nikamnyoa. Sikuwahi kuona kichwa cha Bibi. Ni kidogo.

Mchana tumerudisha mabakuli pamoja, vipara viwili njiani. Kila nyumba waliangalia vichwa vyetu, wakapokea bakuli, wakatukaribisha. Hakuna aliyeuliza kitu. Yule mama nilimpelekea kandambili yake. Akaipokea kwa mikono miwili kama amepewa zawadi.

Jumanne, 13 Juni

Mimi ni fala. Naandika kwa herufi kubwa: FALA.

Nimeshuka mjini, nimekwenda kwa Shabani kumwambia namtakia kila la heri na huyo Radi wake mpya. Nilikuwa nimetunga maneno makali njia nzima. Kaniona mlangoni, kaangusha kikombe.

"Nywele ziko wapi?"

Nikamweleza. Kakaa chini. Kasema, "Godi, kesho ulikuwa unapaa."

Kumbe mazishi ni katikati ya picha. Kuna kupaa, kuna mapigano matatu, kuna kuvua mzula, na vyote vilikuwa vyangu. Nguo mbili ni kwa sababu moja ilikuwa ya kuzikiwa, itachafuka. Rama alivaa tu, kwa kiherehere chake, na baridi ya nyuma ya pikapu.

Kwa hiyo sikufa. Nimejiua mwenyewe. Kwa wembe wa Bibi.

Mzula uko wazi juu. Radi wa mazishi ana panki. Radi wa kesho lazima awe na panki. Mwenye panki ni nani? Sitaki kuandika jina lake.

Jumatano, 14 Juni

Rama kapaa.

Watazamaji hawajui haya, wacha niyaandike. Radi anapaa akiwa amelazwa kifudifudi juu ya paa la pikapu, kafungwa kamba ya katani kiunoni, gari linapanda barabara ya Akheri, Shabani yuko nyuma na kamera anachukua kuanzia kifuani kwenda juu tu. Wanafunzi wa chuo cha Makumira walisimama kando ya barabara na vitabu vyao wakapiga makofi. Mwaka jana nilikuwa mimi juu pale. Nilimeza nzi wawili na sikufumba macho.

Rama kameza mmoja. Kalalamika mpaka saa nane.

Mimi nilipewa bati. Ngurumo ya radi ni bati la geji thelathini, unalishika pembeni unalitikisa. Mwaka jana nilikuwa radi. Mwaka huu ni sauti yake.

Jambo linaloniudhi zaidi: anapaa vizuri.

Alhamisi, 15 Juni

Mapigano ya kwanza, gereji kwa Bonge. Bonge ni fundi wa kuchomelea vyuma, na ndiye adui. Ana tumbo la adui. Umeme wa kidole cha Radi ni cheche za mashine yake. Yeye anachomelea chuma chini ya meza, Rama ananyoosha kidole juu ya meza, kamera haioni chini. Damu ni maua ya rosela yaliyochemshwa na unga kidogo. Rama kailamba katikati ya mapigano, imebidi warudie.

Nimemuuliza Shabani kuhusu kuvua mzula. Akakwepa. Nikamuuliza tena. Akasema, "Mtu anapigana na nywele, halafu anavua kofia ni kipara. Watu watarusha viti, Godi." Nikasema basi asubiri nywele ziote. Kasema Jumapili kuna harusi, wiki ijayo harusi mbili, na kamera ni hiyohiyo. Jumamosi ndiyo mwisho.

Rama alikuwa anasikiliza. Akasema, taratibu tu, kwamba yeye anaweza kuvua.

Nimekwenda nyuma ya gereji. Sitaandika nilichofanya huko. Macho yaliingiwa na moshi wa kuchomelea.

Ijumaa, 16 Juni

Sikwenda kwenye mapigano ya pili. Nimepanda kwa Bibi. Nikakaa jikoni nimenuna. Nikamwambia yote, deki mbili, mwanzo mwishoni, panki, Rama. Nilitegemea aseme pole. Alikuwa anachambua mchicha.

Akauliza, "Huyo mtu wenu, baada ya kuzikwa, anakwenda wapi?"

Nikasema anatoka kaburini anarudi kupigana.

"Na nywele zilezile?"

Nikasema ndiyo, na nywele zilezile.

Akaacha mchicha. Akasema hajawahi kuona. Mtu akitoka kwenye msiba anatoka amenyolewa. Kama ametoka na nywele zake basi hakutoka, bado yumo.

Nikapapasa kipara changu. Halafu nikakimbia. Nimeteremka kwa miguu mpaka Tengeru kwa sababu sikuweza kusubiri gari, huko nikadandia la mjini.

Shabani alikuwa anaunga kanda, Rama kakaa pembeni yake. Nikamwambia kwa pumzi moja. Radi anazikwa na nywele. Kaburi linatikisika. Anatoka hana nywele, anavua mzula. Msiba umefungwa. Hakuna hata mtu mmoja wa Meru au wa mjini atakayeuliza kwa nini, maana wote wameshanyolewa au wamenyoa mtu.

Shabani kaanza kucheka peke yake, kasogeza kanda ya mazishi mbele na nyuma. Akasema ataiweka hiyo mwisho kabisa, mapigano yote yaje kabla.

Rama akaruka. Akasema basi na yeye atanyoa, sasa hivi.

Shabani akamwambia, "Ukinyoa, kesho asubuhi nani atapigana na Bonge?"

Rama akashika panki lake kwa mikono miwili. Sijawahi kuona mtu amefungwa na nywele zake namna ile. Nikacheka mpaka nikakohoa. Baadaye usiku huu nimemkumbuka alivyosimama pale, si cha kuchekesha sana.

Jumamosi, 17 Juni

Asubuhi kapigana na Bonge mara ya mwisho. Mchana tumepanda Akheri. Betri ya kamera ilikuwa na taa moja imebaki. Kanda ilikuwa na dakika sita.

Shabani alitaka Mlima Meru nyuma yangu. Mlima haukutaka. Juni mlima huu unajifunika blanketi kama mzee. Nikalala shimoni saa tisa. Bonge kanimwagia udongo kwa koleo, kwa moyo wote. Tukasubiri. Nusu saa. Mdudu kapita shingoni. Kwa mbali namsikia Rama, amekabidhiwa bati, anajaribu ngurumo. Hajui kulitikisa. Inabidi uanze polepole.

Halafu Shabani akasema sasa.

Nilinyanyuka. Udongo unanitiririka. Nikashika mzula, nikauvuta. Upepo wa mlimani ulinipiga kichwani moja kwa moja, sikuwa nimezoea. Nilitakiwa kusema, "Radi haifi." Nimeirudia mwaka mzima mbele ya kioo. Sikusema. Nilimwona Bibi nyuma ya kamera, kasimama kati ya migomba na kile kichwa chake kidogo, kilemba kakishika mkononi. Nikabaki namwangalia tu.

Taa ya betri ikazimika.

Nikasema turudie. Shabani akasema hakuna kurudia. Sijui kama nimeonekana. Hata yeye hajui.

Jumatano, 5 Julai

Shabani anafunga mlango akiwa anaunga. Anasema nisimsumbue. Nywele zimeota robo inchi. Kijiweni wananiuliza kwa nini sijapaa mwaka huu. Rama hasemi kitu siku hizi. Hilo nalo silielewi. Alipokuwa anadanganya alikuwa anaongea sana. Sasa ni kweli na amenyamaza.

Jumamosi, 22 Julai

Leo imeonyeshwa, saa kumi jioni. Nilimleta Bibi. Hajawahi kuingia banda la video. Nilimpa benchi la mbele, akakaa na kikapu magotini.

Watu walijaa mpaka kwenye fremu za madirisha. Radi akapaa, banda likapiga kelele, "Rama, Rama." Mapigano, Rama, Rama. Panki linang'aa pale kwenye kioo. Nilikaa nyuma. Nywele zangu sasa ni kama za mtoto wa shule. Hakuna aliyegeuka kuniangalia.

Mazishi yakafika. Hakuna tena Rama, Rama. Wale akina mama wa kweli na mabakuli yao. Mwinjilisti. Kilio kile. Mtu pembeni yangu alifuta macho, ni mpiga debe, jitu zima. Bibi alikuwepo siku ile, kaona kila kitu, na bado kajifuta kwa upande wa khanga.

Kaburi likatikisika. Bati likanguruma. Ikatoka ile nguo chafu, mkono ukapanda, mzula ukavuliwa.

Sekunde nne. Labda tano. Uso wangu wote, kichwa kinang'aa, na nyuma ukungu mtupu, mlima hamna. Siangalii watu. Namwangalia mtu wa pembeni, kama nimeamka nyumba nisiyoijua. Kisha giza, na maandishi MWISHO.

Hakuna aliyeshangilia. Mmoja kasema, "Kipara nani huyo?" Mwingine, "Rama kaenda wapi?" Nilitaka kupiga kelele ni mimi, na nilijua watasema nini.

Ndipo Bibi akaita. Hakupaza sauti sana. Alilitazama lile giza kwenye kioo, akaita jina langu lote, Godlisten, kama alivyokuwa akiniita jioni nikichelewa mferejini. Nikaitikia bila kufikiri. "Naam Bibi."

Banda zima likageuka.

Jumapili, 23 Julai

Nimemsindikiza Bibi kwenye gari. Njiani watoto wawili walinifuata mpaka kona, wakarudi.

Nilikuwa na mengi ya kusema leo. Nilikuwa nimeyapanga. Naona hayana haraka.

Bibi aliuliza kuhusu yule mwingine mwenye nywele, anayepigana, ni mtoto wa nani. Nikamwambia ni Rama. Nikamwambia anapaa vizuri kuliko mimi. Sijui maneno yale yalitokea wapi.

Bibi akasema basi huyo naye amevaa nguo za maiti na hajanyolewa mpaka leo. Nimlete.

Jioni nimemkuta Rama kijiweni, peke yake. Nimempa ujumbe kama nilivyopewa. Nilidhani atacheka. Akapitisha mkono juu ya panki, akaniuliza gari la kwanza la Akheri linaondoka saa ngapi.